Umemtengenezea mtoto kitanda? Angalia unachokipaka

Baba mmoja alifika kliniki akiwa na mtoto wa miaka mitatu aliyebanwa na kifua usiku kucha. Mtoto ana pumu, lakini alikuwa amekaa miezi kadhaa bila kubanwa. Nilipouliza ni kitu gani kimebadilika nyumbani, baba alijibu kwa fahari kwamba amemtengenezea kitanda kwa mikono yake, cha mbao za paini, na amekipaka vanishi juzi. Kitanda kiliingizwa chumbani jioni ile ile, na dirisha likafungwa kwa kuogopa mbu.

Mtoto alipata nafuu baada ya kuvuta dawa. Kosa la baba halikuwa kitanda, bali haraka.

Paini, kama ile inayovunwa Sao Hill kule Mufindi, ni mbao nyepesi na rahisi kuifanyia kazi. Lakini ni laini na hunyonya maji na uchafu, hivyo ni lazima uipake kitu. Kipi basi?

Anza na mbao yenyewe
Mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani kijani zimewekwa dawa ya kuzuia mchwa, na mara nyingi dawa hiyo ina aseniki, ambayo ni sumu. Usizitumie kwa kitanda, meza ya chakula wala kiti cha mtoto. Oili chafu nayo iache kwenye nguzo za uzio. Ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na hupenya kwenye ngozi.

Vanishi au rangi?
Vanishi ya maji hutoa mvuke mdogo kuliko ile ya mafuta. Utaitambua kwenye maelezo ya kopo: brashi yake huoshwa kwa maji, si kwa tina. Kwa nyumba yenye mtoto au mwenye pumu, hiyo ndiyo ninayoishauri. Zile za kuchanganya na hadina kisha kupuliza mwachie fundi mwenye vifaa vya kujikinga, maana baadhi yake huweza kumsababishia pumu hata mtu asiyekuwa nayo.

Ukichagua rangi, hakikisha haina madini ya risasi. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda, na risasi huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na linashauri rangi isizidishe sehemu 90 za risasi kwa kila milioni. Soma kopo, lisilo na maelezo, liache dukani. Na usipige msasa rangi ya zamani ndani ya nyumba, kwani vumbi lake huweza kuwa na risasi.

Subiri
Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Weka kitanda barazani au chumba chenye hewa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kinuse kwa karibu. Kama bado kinanuka, mtoto asilale hapo. Vanishi nyingi huhitaji siku kadhaa, nyingine wiki.

Tina kwenye chupa ya maji
Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Tina iliyobaki huwekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mtoto hunywa. Ikitokea, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta. Akitapika, tina huweza kuingia kwenye mapafu na kumletea nimonia kali. Mvue nguo zilizolowa, mwahishe hospitali hata kama anaonekana mzima, na ubebe chupa yenyewe.

Yule baba alikitoa kitanda nje. Mtoto alirudi kwenye godoro la zamani mpaka harufu ilipokwisha. Nawe usione haya kungoja: kitanda kitadumu miaka, wiki mbili si kitu.