Mikono ya Mtoto Kwenye Theluji

  

Huenda ukauliza, theluji yatuhusu nini sisi wa Kenya? Baridi ya Julai kule Limuru twaijua, na dawa yake ni sweta na uji moto. Lakini familia nyingi zimehamia Marekani na Kanada, na nyingine zinajiandaa kusafiri na watoto. Wako pia akina nyanya wanaoitwa huko kulea wajukuu. Katika jimbo kama Minnesota, ambako Wakenya wengi wanaishi, baridi ya Januari yaweza kufika nyuzi 18 chini ya sufuri. Upepo wa kilomita 24 kwa saa ukivuma katika baridi hiyo, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kwa nusu saa.

Kuganda huko hutokeaje? Mwili ukizidiwa na baridi hupunguza damu inayoenda vidoleni, ili joto libaki kwenye moyo na viungo vya ndani. Vidole vikikosa joto, maji yaliyo ndani ya nyama hugeuka barafu. Nyama ikiganda sana hufa, na kidole huenda kikakatwa. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu mwili wake mdogo hupoteza joto haraka. Tena, uchunguzi uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na Uingereza umeonyesha kuwa wenye asili ya Kiafrika hupatwa na tatizo hili zaidi ya wenzao.

Basi tumvalishe mtoto nini? Glavu za sufu zilizofumwa zinafaa siku kavu. Lakini mtoto hafiki kwenye theluji akaitazama tu, ataifinyanga. Theluji huyeyuka na kulowesha sufu, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo glavu nene iliyolowa haimsaidii.

Glavu ya theluji huwa na tabaka tatu. Nje ni kitambaa kisichopitisha maji. Katikati ni nyuzi laini zinazoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Ndani ni kitambaa laini kisichobakiza jasho kwenye ngozi.

Kwa mtoto mdogo, chagua ile iliyo kama mfuko: vidole vinne hukaa pamoja na gumba hukaa peke yake. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Isimbane, kwani kubana huzuia damu. Iwe na mkono mrefu unaofunika kifundo, theluji isiingie kwenye mkono wa koti.

Ukinunua mitumba, ijaribu nyumbani. Ivae, kisha tumbukiza mkono kwenye beseni la maji hadi karibu na kifundo kwa dakika chache. Ukihisi unyevu ndani, hiyo haifai theluji. Kila mtoto awe na jozi mbili, moja ikaushwe nyingine ikivaliwa.

Mama, mafuta ya kujipaka ni mazuri kwa ngozi iliyopasuka, lakini hayazuii kuganda. Usiyategemee badala ya glavu.

Sasa sikiliza kwa makini. Mwanzoni vidole huuma na kuwasha. Baadaye hufa ganzi, na maumivu huisha. Mtoto aliyekuwa akilia kwa baridi akinyamaza ghafla, usidhani amezoea. Mwingize ndani, mvue glavu na umkague. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia vidole vyako: gusa kama ngozi ni baridi sana, ngumu au kama nta. Tazama pia kama imepauka au kuwa ya kijivu.

Ukiona dalili hizo, usisugue wala usipake theluji. Usimweke karibu na moto au hita, kwa maana mkono uliokufa ganzi huungua bila mtoto kujua. Loweka mkono kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Pima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Hisia zikirudi atalia, maana huuma sana. Usimrudishe nje siku hiyo. Ngozi ikibaki ngumu, ikitoa malengelenge au ikibadilika rangi, mpeleke hospitali mara moja.

Kwa hiyo, mama, kila baada ya dakika 15 au 20 mwite mtoto, tia kidole chako ndani ya glavu yake na uhisi: ni pakavu? Ni pa joto? Kama sivyo, mchezo umekwisha kwa sasa.