Orodha ya kazi au ratiba ya siku? Jinsi ya kuchagua programu ya simu ifaayo

MTU anayetafuta programu ya simu ya kumsaidia kupanga kazi zake hukumbana na makumi ya majina, kila moja likinadiwa kuwa ndiyo dawa ya kusahau, kuchelewa na kulimbikiza majukumu.

Aghalabu huchagua ile iliyosifiwa na rafiki au yenye sura ya kuvutia. Huitumia kwa juma moja au mawili, kisha huiacha na kurejea katika mazoea yake ya zamani. Lawama hutupiwa programu, au mtumiaji hujilaumu mwenyewe kwa uvivu.

Hata hivyo, mara nyingi kiini cha tatizo si uvivu wala ubovu wa programu. Ni kwamba mtumiaji amejipa dawa ya maradhi asiyougua.

Programu hizi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kuorodhesha kazi, nayo hujibu swali hili: ni mambo gani yanayopaswa kufanywa? Ya pili ni ya kupanga siku, nayo hujibu swali tofauti: jambo hili litafanywa saa ngapi, na litachukua muda gani?

Katika kundi la kwanza kuna Todoist, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, Microsoft To Do na Google Tasks. Katika kundi la pili kuna kalenda za kawaida kama vile Google Calendar, iliyozinduliwa mwaka wa 2006, pamoja na programu kama Sunsama na Structured ambazo humwonyesha mtumiaji jinsi shughuli zake zinavyofuatana katika siku.

Maswali hayo mawili yanakaribiana kiasi kwamba wengi huyachukua kuwa moja. Kuyachanganya kuna gharama.

Nchini Kenya, mathalan, mlipa ushuru asiyewasilisha ripoti yake kwa KRA kufikia Juni 30 hujiweka katika hatari ya kutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Mmoja huchelewa kwa sababu tarehe hiyo ilimtoka akilini. Mwingine ameikumbuka tangu Januari, ila hakuwahi kutenga saa moja ya kuketi na kuimaliza kazi hiyo.

Wa kwanza anahitaji kukumbushwa. Wa pili hata akikumbushwa mara 10, kengele hizo zitamwongezea kelele tu. Anachohitaji ni nafasi katika siku yake.

Nguvu ya orodha na udhaifu wake

Faida kubwa ya orodha ni kuupunguzia ubongo mzigo. Mwandishi wa Marekani David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done kilichochapishwa mwaka wa 2001, alisisitiza kwamba kila jambo linalosubiri kufanywa lapaswa kutolewa kichwani na kuwekwa mahali pa kuaminika. Programu nyingi za kuorodhesha kazi zimejengwa juu ya wazo hilo.

Orodha humfaa mno mtu mwenye majukumu mengi madogo madogo, na ambaye siku yake huendeshwa na watu wengine. Mfano mzuri ni fundi wa nguo. Hana haja ya kujua kwamba saa nne na nusu atakuwa akishona kola. Haja yake ni kutosahau kwamba gauni la bibi harusi linatakiwa Jumamosi, kwamba mteja fulani amelipa nusu ya pesa, na kwamba zipu nyeusi zimekwisha.

Vivyo hivyo kwa mwenye duka, mhazini wa chama au mzazi mwenye watoto watatu shuleni. Kazi zao huja bila hodi, na chombo kinachowafaa ni kile kinachowawezesha kuandika jambo kwa sekunde chache na kulikuta baadaye.

Aidha, orodha hushinda katika mambo yanayojirudia. Kodi ya nyumba kila tarehe tano, mchango wa chama kila mwisho wa mwezi au dawa za mifugo kila baada ya miezi mitatu huandikwa mara moja tu, na programu huvikumbusha vyenyewe kila wakati wake ukiwadia.

Lakini orodha haina ukingo. Siku ina saa 24, ilhali orodha hupokea mambo 60 bila kulalamika.

Fauka ya hayo, orodha hulinganisha visivyolingana. “Kununua muda wa maongezi” huchukua mstari mmoja, na “kuandika ripoti ya mwaka” huchukua mstari mmoja vilevile. Mtumiaji hukimbilia yale mepesi, akafurahia kuyatia alama ya kumalizika, huku lile kubwa likihamishwa kutoka leo hadi kesho, na kutoka kesho hadi juma lijalo.

Ratiba ya siku na mitego yake

Hapo ndipo programu ya kupanga siku inapoingia. Kazi yake ni kumlazimisha mtumiaji kukabiliana na uhaba wa saa kabla hazijapotea.

Binadamu kwa kawaida hukadiria muda vibaya. Mwaka wa 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia ya watu kudhani kwamba kazi itamalizika haraka kuliko inavyowezekana, hata pale ambapo kazi kama hizo ziliwachelewesha zamani.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangechukua siku ngapi kukamilisha tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria takriban siku 34. Walichukua takriban siku 56, na chini ya thuluthi moja ndio waliomaliza katika muda waliokadiria wenyewe.

Anayeweka kazi katika ratiba hulazimika kusema itachukua muda gani. Sunsama, kwa mfano, humwezesha mtumiaji kukadiria muda wa kila kazi, kisha hujumlisha. Anayetaka kufanya kazi za saa 11 katika siku ya saa nane huliona kosa lake asubuhi, wala halisubiri jioni.

Kupanga huko huleta utulivu pia. Mwaka wa 2011, watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba malengo ambayo hayajatimizwa huendelea kumsumbua mtu akilini anapofanya jambo jingine, lakini usumbufu huo hupungua anapoweka mpango mahususi wa kuyatimiza, hata kabla hajaanza kuyatekeleza.

Ratiba ya siku humfaa yule anayemiliki saa zake kwa kiasi kikubwa: mwanafunzi anayeandika tasnifu, mtafsiri, mhasibu wa kujitegemea au mtu anayefanyia kazi nyumbani. Huyu hana wa kumwambia aanze saa ngapi, na asipojiwekea mipaka siku nzima humponyoka.

Ratiba nayo ina mitego yake. Ule mpango uliojazwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni huporomoka mara tu matatu inapokwama katika foleni ya magari au mtoto anapoamka na homa. Kazi moja ikichelewa, zote zinazofuata husukumwa.

Kwa sababu hiyo, ni busara kuacha nafasi tupu katika siku, angalau saa moja kabla ya adhuhuri na nyingine alasiri, ili ziyameze yasiyotarajiwa. Zipo programu kama Motion ambazo hupanga upya ratiba zenyewe jambo linapoharibika. Hata hivyo, mashine haijui kwamba mteja aliyepiga simu ni shemeji, wala kwamba mwenye kazi amechoka. Uamuzi wa mwisho hubaki kwa mwenye siku.

Kujipima kwa juma moja

Kabla ya kupakua programu yoyote, mtu anaweza kujipima kwa kalamu na karatasi. Kwa muda wa siku saba, kila jioni, aandike mambo aliyokusudia kuyafanya na hakuyafanya. Mbele ya kila jambo aandike sababu moja kati ya tatu: alisahau, hakupata muda, au alipata muda lakini akaliepuka.

Iwapo sababu ya kwanza ndiyo inayojirudia zaidi, programu ya kuorodhesha kazi yenye vikumbusho itamtosha. Iwapo ni ya pili, anahitaji kupanga siku, na huenda akagundua kwamba dawa yenyewe ni kukataa baadhi ya majukumu.

Iwapo ni ya tatu, hakuna programu itakayomwokoa. Kazi inayoepukwa aghalabu ni kubwa mno au haieleweki, na tiba yake ni kuivunja vipande vidogo hadi hatua ya kwanza iwe nyepesi. Badala ya “kutafuta kiwanja”, aandike “kumpigia wakili simu kuhusu hatimiliki”.

Mpaka kati ya aina hizi mbili umefifia siku hizi. Kazi yenye tarehe katika Google Tasks huonekana pia katika Google Calendar. Todoist na TickTick huweza kuzionyesha kazi kwa sura ya kalenda. Microsoft To Do ina ukurasa wa siku ambao huanza ukiwa mtupu kila asubuhi, ili mtumiaji achague machache kutoka katika orodha yake ndefu.

Kwa hivyo si lazima kuwa na programu mbili. Iwapo mtu ataamua kuwa nazo, kanuni ni moja: kila jambo liwe na makao mamoja. Lenye saa maalumu, kama vile mkutano au miadi ya daktari, likae katika kalenda. Lisilo na saa likae katika orodha. Jambo likiandikwa kotekote, litabadilishwa upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili, na mwenyewe atakoma kuziamini zote mbili.

Gharama, saa na usalama

Programu nyingi za kupanga siku hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, mara nyingi kwa dola. Google Tasks, Google Calendar na Microsoft To Do hazitozi ada kwa mtumiaji wa kawaida. Ni vyema kuanza na zisizolipiwa kwa mwezi mmoja, na kulipa tu pale ambapo upungufu uliojitokeza unajulikana kwa jina.

Jaribio jingine ni kuzima data na kuifungua programu. Ikiwa orodha haionekani pasipo intaneti, basi itamtupa mtumiaji siku ile bando litakapomwishia akiwa safarini.

Kwa Waswahili, suala la saa lahitaji uangalifu wa pekee. Simu huanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali saa za Kiswahili huanza kuhesabiwa mapambazuko. Aliyekubaliana na mteja kukutana saa tatu asubuhi kisha akaandika 3:00 ataamshwa na kengele saa tisa usiku. Saa tatu asubuhi katika simu ni 9:00, na saa tatu usiku ni 21:00.

Kuna pia suala la uhai wa programu yenyewe. Wunderlist, iliyobuniwa jijini Berlin, Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa programu zilizopendwa sana za kuorodhesha kazi. Microsoft iliinunua mwaka wa 2015, na Mei 6, 2020 ikafungwa. Kalenda ya Sunrise, ambayo pia ilinunuliwa na kampuni hiyo mwaka wa 2015, ilifungwa mwaka wa 2016.

Watumiaji wa Wunderlist waliweza kuhamishia orodha zao katika Microsoft To Do, lakini si kila kampuni hutoa njia ya kutokea. Kabla ya kuikabidhi programu miaka ya kumbukumbu, mtumiaji anapaswa kuhakikisha kwamba anaweza kuzipakua na kuzihifadhi kwingine.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kupata data inayomhusu ambayo wengine wanaihifadhi. Hata hivyo, sheria hiyo haiwezi kumkinga anayeandika nambari zake za siri za benki au za M-Pesa katika orodha ya kazi. Hizo hazina nafasi katika programu ya aina yoyote kati ya hizi mbili.

Hatimaye, anayepima na kugundua kwamba daftari la mfukoni linamtosha hana sababu ya kuona haya. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati ni mali. Muhimu ni mtu kujua kwanza kinachompotea, iwe ni kumbukumbu au ni saa zenyewe, kisha achague daftari la kukihifadhi.