Jicho Lililoumia Halingoji Kesi

Mtu aliyepigwa jichoni afikapo kituoni, twamsihi atangulie hospitali. Maelezo yake tutayaandika baadaye. Maumivu yakitulia, hatari haijaisha: damu iliyovuja ndani ya jicho yaweza kuvuja tena katika siku 5 za kwanza, na presha ya jicho au mtoto wa jicho huweza kujitokeza hata miaka mingi baadaye. Usilisugue wala kulikanda. Lifunike kwa kikombe safi kisicholigusa, na usimeze aspirini. Ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi au kivuli kama pazia, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Atibiwaye ng'ambo ya mpaka atunze karatasi zake: zitamwongoza daktari wa huku, nasi zitatufaa katika upelelezi.