Baridi ya Chumba cha Juu

Wengi wetu tunao ndugu Ubelgiji. Hutuandikia juu ya kazi, juu ya theluji, juu ya Misa ya Dominika. Lakini hawatuelezi sana juu ya jambo linalowasumbua kila usiku wakati wa baridi, yaani namna ya kupasha joto nyumba.

Mdogo wangu amepanga nyumba ya zamani mjini Bruxelles. Majira ya baridi yaliyopita alinieleza kwa simu kwamba sebuleni watu walitoka jasho, lakini chumba cha juu, alimolala mtoto wa miezi minane, kilikuwa baridi kama kisima. Kisha akasema bila wasiwasi: «Yaya, nitawasha mbabula mle, kama tulivyofanya Lubumbashi mwezi wa Juni.» Nilimkataza kwa sauti kubwa, hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara zaidi ya 200, na aliyelala haamki kuomba msaada. Ndivyo ilivyo Bruxelles, na ndivyo ilivyo Lubumbashi.

Basi, kwa nini chumba kile kilikosa joto? Katika nyumba zile tanuru moja la gesi hupasha maji, nayo hupita katika mabomba mpaka kwenye radiatere, yaani vyuma vipana vilivyofungwa ukutani. Termostati moja tu, iliyo sebuleni, huliamuru tanuru. Sebule ikifika digrii 20, tanuru huzimika, hata mtoto akitetemeka juu. Tena maji hufuata njia nyepesi: radiatere za karibu hunywa kwanza, za mbali hupata masazo.

Mdogo wangu alidhani atahitaji tanuru jipya (na wauzaji hawakumkatalia). Haikuwa lazima. Mwenye nyumba alipotoa ruhusa, baada ya kubembelezwa sana, fundi alitoa kwanza hewa iliyonaswa katika radiatere ya juu. Kisha akabana kidogo skrubu za chini za radiatere za sebuleni. Hivyo sebule hukawia kupata joto, tanuru huwaka muda mrefu zaidi, na maji hupanda juu.

Lakini sasa vyumba vya kulala vingeweza kupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo aliondoa robine zao za zamani, akaweka zile zinazojiendesha, ambazo Mads Clausen wa Denmark alibuni mfano wake mwaka 1943. Kichwani mwake mna nta au kioevu: chumba kikipata joto hutanuka na kuziba maji, chumba kikipoa hunywea, na maji hupita tena. Namba 3 huelekea digrii 20. Pazia lisiifunike, kwani itapima joto la nyuma ya pazia. Sebuleni hakuiweka, maana ingejifunga kabla termostati haijaridhika, na tanuru lingewaka bure.

Fundi alikagua pia dohani, kwa kuwa tanuru la gesi lenye dohani iliyoziba hutoa sumu ile ile.

Mtoto sasa hulala katika digrii 18, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwa nyumba za nchi za baridi. Mbabula ingalipo. Huchomea samaki uani.