Mpira, Supu na Daftari la Ahadi

Dar es Salaam haina mashamba makubwa, lakini imejaa mabwana shamba na mabibi shamba. Wapo benki wakipima maombi ya mikopo ya wakulima, wapo kwenye kampuni za mbegu, kwenye maduka ya pembejeo na kwenye miradi ya wafadhili. Wapo pia walioiacha taaluma siku nyingi, leo wanauza vifaa vya ujenzi Mbagala au wanaendesha shule ya awali Tegeta. Walisoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, au vyuo vya wizara kama Uyole, Ukiriguru, Ilonga, Tumbi na Mlingano. Siku za kazi huwezi kuwatofautisha na watu wengine. Utawajua Jumamosi fulani ya katikati ya mwaka, masika yakishakatika, wanaposhuka kwenye magari na bajaji wamevaa jezi zenye mwaka wa kuhitimu mgongoni. Wanakwenda kwenye bonanza.

Anayepita barabarani akasikia muziki na kunusa nyama atasema hao wamekwenda kustarehe, na hatakuwa amekosea. Starehe ipo. Lakini mpira huo unachezwa juu ya desturi ya kuchangiana, ile ile inayobeba harusi na misiba ya jiji hili, na wahitimu hawa wameichukua na kuifikisha mahali ambapo kwa miaka mingi ilikuwa haifiki: kwenye ada ya mwanafunzi asiyekuwa ndugu yao.

Makundi mengi ya aina hii hayakuanza kwa furaha. Mwenzao mmoja alifariki, mtu akafungua kundi la WhatsApp ili wachange rambirambi, namba zikaongezwa moja baada ya nyingine, na baada ya mazishi hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifunga. Wakabaki humo wakisalimiana, wakitumiana picha za bweni na za mashamba ya mafunzo, hadi mmoja akauliza, jamani, tukutane basi hata siku moja tukiwa hatuna msiba. Hapo ndipo wanapochaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mpangilio huo hawakuutoa chuoni. Ndivyo yanavyoendeshwa matawi ya klabu za Simba na Yanga mitaani, ndivyo vinavyoendeshwa vikundi vya joging vya Temeke, ambavyo alfajiri ya Jumapili hukimbia kwa nyimbo barabarani, na mmoja wao akiuguliwa au kufiwa, wenzake ndio wanaofika kwanza.

Kinondoni, jina la uwanja linalokuja mdomoni mwa watu kwanza ni Leaders Club. Ni mahali panapostahili kutazamwa kwa makini. Mabonanza yamechezwa pale miaka na miaka, na kwenye nyasi hizo hizo, Aprili 2012, maelfu walikusanyika kumuaga mwigizaji wa filamu Steven Kanumba kabla hajazikwa makaburi ya Kinondoni. Upande wa Temeke kuna Mwembeyanga na viwanja vya TCC Chang'ombe. Ukifuata barabara kwenda nje zaidi, Chamazi au Bunju, mji bado una nafasi, na kundi dogo linaweza kukodi uwanja wa shule na kuleta turubai, viti na jenereta lao.

Siku huanza na supu, na hapo ndipo chuo kinapojitokeza. Katika mabonanza mengine mbuzi hununuliwa na yeyote mwenye gari. Katika bonanza la watu wa kilimo, kazi hiyo hawakabidhiwi ila waliosoma mifugo. Wao ndio watakaokwenda mnada wa Pugu, wamfungue mbuzi mdomo wahesabu meno, wampapase mgongo na mapaja, kisha warudi na maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyaomba. Waliosoma mazao nao hawanyamazi. Watauliza kachumbari ilikuwa na haja gani ya nyanya zilizoiva kupita kiasi. Waliosoma misitu husemwa kwa sababu ya mkaa. Wote hawa wamekulia katika nchi ya utani, ambapo Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata matangani pasipo mtu kununa, na utani wa fani umeshika njia hiyo hiyo. Una kazi yake. Mkurugenzi na kijana anayetafuta ajira, walioketi meza moja, wataanza kwa kutaniana. Wasingeweza kuanza kwa kuulizana wanafanya kazi wapi.

Heshima ya umri lakini haiguswi. Chuo cha Kilimo Morogoro kilianza mwaka 1965, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka huo huo. Kwa hiyo wapo wazee wa enzi za kitivo, ambao shahada zao zina jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ingawa maisha yao ya chuo yalikuwa Morogoro. Wakiingia uwanjani, wanaume wenye mvi husimama na kuwaamkia shikamoo. Mhadhiri wa zamani akitokea, mapokezi ni makubwa zaidi. Mtu mwenye wajukuu utamwona anaficha chupa yake chini ya kiti. Walioingia kwa ndoa wote huitwa shemeji, wake kwa waume, na shemeji aliyekuja mara ya kwanza atapewa sahani kabla ya wenyewe.

Halafu mpira. Sheria hukubaliwa papo hapo: vipindi vifupi, wachezaji kuingia na kutoka bila idadi, na mwamuzi awe mtu asiyekuwa na deni na upande wowote. Timu hugawanywa kwa miaka ya kuhitimu, au wenye ndoa dhidi ya makapera, au kwa mgawanyiko usiohitaji maelezo Tanzania, Simba na Yanga. Wanawake hucheza netiboli na kuvuta kamba, na kelele za netiboli, kwa masikio yangu, huzidi za mpira wa miguu. Watoto hukimbiza kuku. Anayeanguka kwa kukosa pumzi hushangiliwa kuliko mfungaji.

Kwa watu hawa, kalenda ya mpira na ya kilimo zimegongana kwa namna ya pekee. Sikukuu ya wakulima zamani iliadhimishwa Saba Saba. Miaka ya 1990 ikahamia Nane Nane, 8 Agosti. Simba walipoanzisha Simba Day mwaka 2009 waliichukua tarehe hiyo hiyo, na kwa miaka mingi mhitimu wa kilimo aliyekuwa Simba damu alilazimika kuchagua: maonyesho ya Kanda ya Mashariki kule Morogoro, au Temeke, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Siku hizi tarehe ya Simba Day husogea kufuata ratiba, na Yanga wana Wiki yao ya Mwananchi. Kwenye sherehe hizo zote mbili, mpira hauanzi kwa filimbi ya mwamuzi. Watu huwahi tangu asubuhi, wakala mihogo, mishkaki na chipsi mayai nje ya geti, wakanunua jezi, wakaimba, na mama lishe wakafanya biashara ya wiki nzima kwa siku moja. Bonanza la wahitimu limeurithi utamaduni huo wa kukaa pamoja kabla ya mechi, na likauongezea daftari la ahadi.

Kabla ya daftari kuna kimya. Katibu husoma majina ya waliotangulia mbele za haki mwaka huo, watu wote wamesimama, wenye kofia wamezivua. Nimeona watu wazima wakishindwa kuketi baada ya hapo. Mpangilio huu si wa bahati mbaya: aliyetoka kusikia jina la mwenzake aliyelala naye chumba kimoja hatatoa kwa mkono mfupi.

Sasa meza huletwa katikati. Mshereheshaji hushika kipaza sauti, mweka hazina hufungua daftari, na simu huwekwa mahali ambapo ujumbe wa malipo unaweza kusomwa mara unapoingia. Darasa moja husimama na kutaja kiasi walichokusanya, darasa lililowafuata chuoni husimama na kuwapita kidogo, wa kwanza huomba kurudi. Walioko Mbeya na Mwanza hutuma ahadi na mtu wa kuwasemea. Baadaye huja mnada. Wanachama wameleta trei za mayai, asali, mchele wa Ifakara, miche ya parachichi, jogoo. Mtu hulipia jogoo kwa bei ambayo hakuna jogoo aliyewahi kuifikia sokoni, kisha hukataa kumchukua, na jogoo hurudi mezani anadiwe upya. Wengi walijifunza hili kanisani, kwenye minada ya mavuno baada ya ibada, na Waislamu waliomo hunadi kwa ari ile ile.

Ahadi iliyosemwa mbele ya watu ina uzito ambao ahadi ya maandishi haina. Ndiyo maana kamati za harusi za Dar es Salaam hukutana uso kwa uso, wiki hadi wiki. Uzito huo lakini una upande wake mkali. Nimeona orodha zikipangwa kuanzia aliyetoa zaidi hadi aliyetoa kidogo na kubandikwa kwenye kundi, na najua watu waliojitoa kimya kimya baada ya hapo, si kwa ubahili, bali kwa sababu mwaka huo hawakuwa na kazi. Majina yasomwe yote, kwa alfabeti, na kiasi kibaki kwa mweka hazina. Katika nchi ambayo mwajiriwa aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, mhitimu anayetoa shilingi 10,000 huenda anatoa sehemu kubwa zaidi ya riziki yake kuliko mwenzake anayetaja laki tano.

Jambo jingine nalishikilia kwa nguvu zaidi. Mwanafunzi anayesaidiwa asiletwe uwanjani. Nakijua kishawishi: kijana asimamishwe mbele ya watu walioshiba, ashike hundi ya bango, ashukuru, apigwe picha. Anayefanyiwa hivyo anaingia darasani akiwa tayari na deni la aibu. Utaratibu bora ni ule wa kamati ya watu watatu au wanne, pamoja na mwalimu aliyeko chuoni anayewafahamu vijana, kuchagua kwa siri na kulipa ada moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo. Mweka hazina huleta risiti kwenye mkutano, jina likiwa limefunikwa.

Nani achaguliwe ndiyo mada inayochukua muda mrefu kuliko zote, na inastahili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa muda mrefu iliwahudumia wa vyuo vikuu. Ni mwaka wa masomo 2023/24 ilipoanza kuwapa mikopo wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo. Anayesoma astashahada hana mlango huo. Naye ndiye mara nyingi atakayekuwa ofisa ugani wa kijiji, atakayepanda pikipiki kwenda kumwonyesha mkulima viwavijeshi kwenye mahindi. Mahitaji yake huwa madogo ukiyalinganisha na ya mwanafunzi wa shahada: sehemu ya ada, chakula, buti na koti la shambani, nauli na kodi ya chumba wakati wa mafunzo kwa vitendo. Wengi huishia njiani kwenye hayo mafunzo, mbali na bweni. Kama ningeulizwa pesa ya bonanza iende wapi kwanza, ningesema iende huko.

Temeke ina mfano wa kile ambacho mpira unaweza kuisaidia elimu. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala aliyekuja kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2018 alipambana na timu ya mwanamuziki Ali Kiba katika mechi ya hisani ya kuchangia elimu, kwenye uwanja ule ule wa Mkapa, wakati huo ukiitwa Taifa. Watu walikwenda kwa sababu ya nyota wawili. Bonanza la wahitimu halina nyota, lina mafundi wa kuhesabu meno ya mbuzi, na hilo linalifanya lirudi kila mwaka bila kusubiri mtu maarufu apate nafasi.

Kinachosumbua makundi ya Dar sasa ni Dodoma. Tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016, watumishi wengi wa wizara, waliokuwa nguzo za kamati, wameondoka. Kwa miaka kadhaa waliwakilishwa na ahadi za simu tu. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kutoka Dar hadi Morogoro na kisha Dodoma, walirejea na hoja mpya: bonanza lihamie Morogoro, katikati ya njia, kwenye viwanja vya chuo chenyewe. Wa Dar wanapinga. Wanasema wenye duka, wenye watoto wadogo na wasio na ajira hawatapanda treni, na daftari litabaki la wakubwa peke yao. Wa Dodoma wanajibu kwamba hata Leaders Club, mtu wa Chamazi hubadilisha daladala mbili kufika. Hoja hiyo huibuka kila kikao, mwenyekiti huiahirisha, na wakati huo mweka hazina anawapigia simu walioahidi, maana vyuo vinafunguliwa Oktoba na ada haingoji kikao.