Mfuko wa Rais wa Klabu

Malalamiko ya mashabiki wa soka wa Goma, mashariki mwa Kongo, juu ya namna timu zao zinavyosajili wachezaji na kutumia fedha hufanana, yakisikilizwa kwa mbali, na malalamiko ya mashabiki wa timu yoyote inayofungwa mfululizo: mshambuliaji aliyeletwa hafungi, beki aliyehitajika hakuletwa, na fedha zilizosemwa zipo hazijulikani zilikokwenda. Yakisikilizwa kwa karibu, hata hivyo, yanaonekana kuwa na fundo la pekee, kwa kuwa mtu anayelaumiwa kwa matumizi mabaya ndiye huyohuyo ambaye bila mfuko wake timu isingepata hata nauli ya kwenda kucheza ugenini. Usajili, kwa maana inayotumika hapa, si kumsainisha mchezaji peke yake, bali ni kazi nzima ya kuunda kikosi, yaani kuamua nani abaki, nani auzwe, nani aletwe, kwa bei gani na kwa mkataba wa miaka mingapi, na kazi hiyo haieleweki mpaka ijulikane kwanza klabu ya Kongo ni kitu gani kisheria na inaishi kwa kula nini.

Klabu za Kongo kwa kawaida ni vyama visivyo vya faida, vya aina inayotawaliwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Chama cha namna hiyo kina wanachama, kamati na rais, lakini hakina mwenye mali: hakuna hisa za kununua wala za kuuza, na faida, kama ingepatikana, haiwezi kugawanywa. Rais, au prezida kama anavyoitwa mitaani, huchaguliwa kwa mujibu wa katiba ya chama, ingawa ukweli wenyewe ni kwamba mara nyingi huombwa kwanza na kuchaguliwa baadaye, kwa sababu ana uwezo, naye huwa mfanyabiashara, mwanasiasa au ofisa wa jeshi. AS Vita Club ya Kinshasa iliongozwa kwa miaka mingi na Jenerali Gabriel Amisi hadi mwaka 2020, alipofuatiwa na mwanasheria Bestine Kazadi, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. TP Mazembe ya Lubumbashi imekuwa chini ya Moïse Katumbi tangu mwaka 1997. Fedha anazotoa mtu wa namna hiyo si mtaji, kwa kuwa hakuna anachomiliki, wala si mkopo ulioandikwa vizuri; ni kitu kilicho katikati ya zawadi na deni, na utata huo ndio unaowafanya mashabiki wamdai hesabu mtu ambaye, kwa maoni yake mwenyewe, hadaiwi na mtu.

Mji wa Goma una klabu zake, nazo ni pamoja na DC Virunga, AS Dauphins Noirs na AS Kabasha, na makao ya mpira wake ni Stade de l'Unité. Tiketi ya mlangoni ni njia moja ya mapato, lakini ni nyembamba, kwani watazamaji wengi ni vijana wanaoishi kwa kazi za siku, na bei ikipanda kidogo tu hubaki nje ya ukuta wakifuata mechi kwa kelele za walio ndani. Njia ya pili ingekuwa haki za televisheni, yaani fedha ambazo kituo hulipa ili kiruhusiwe kuonyesha mechi. Nchini Tanzania, Azam Media na shirikisho la soka walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na ingawa fungu kubwa haliendi kwa timu ndogo, kila klabu ya ligi kuu hujua mapema kwamba kuna kitu kitaingia. Ligi ya Kongo, Linafoot, haikuwahi kuwapa washiriki wake uhakika wa namna hiyo, na msimu wa 2022-23 haukufika hata mwisho, ukafutwa bila bingwa, na kwa klabu hilo lina maana ya mishahara iliyolipwa kwa ajili ya mashindano yaliyoyeyuka.

Upande wa gharama una jambo ambalo mgeni hulisahau, nalo ni umbali. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, hadi Lubumbashi ni zaidi ya 1,000, na hakuna barabara ambayo basi la timu lingeweza kuitegemea kufika huko, hivyo wachezaji, makocha, daktari na mabegi ya jezi walilazimika kupanda ndege hadi uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwaka 2025. Safari rahisi pekee ni ya kwenda Bukavu kwa meli, kwa kukata Ziwa Kivu kutoka kaskazini hadi kusini. Kwa sababu hiyo Linafoot imezoea kugawa timu kwa kanda kabla ya kuzikutanisha zilizo bora. Mashabiki wanapouliza kwa nini fedha hazikutumika kumleta mshambuliaji wa maana, jibu ambalo kamati hulitoa kwa shingo upande ni kwamba fedha za mshambuliaji huyo zimeliwa na tiketi za ndege. Ni jibu la kweli mara nyingi, ingawa ni kweli vilevile kwamba limekuwa kichaka kizuri cha kujifichia, kwa kuwa hesabu ya tiketi hizo haibandikwi mahali popote.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu na udhaifu wa mpira wa mfuko mmoja ni TP Mazembe, timu ambayo Goma ina mashabiki wake wengi, wenye jezi nyeusi na nyeupe, wasiowahi kukanyaga Lubumbashi. Katumbi, aliyetajirika kwa biashara za madini na usafirishaji, alijenga kikosi kwa kununua wachezaji nje, jambo ambalo klabu za Afrika ya Kati hazikulizoea: Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, Waghana kama Solomon Asante, na mwaka 2011 Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Matunda yake yanajulikana. Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2009, ikaurudia 2010, na Desemba mwaka huohuo ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambapo ilifungwa 3-0 na Inter mjini Abu Dhabi. Mwaka 2011 ilifungua uwanja wake katika mtaa wa Kamalondo, wenye nafasi 18,500, na mwaka 2015 ikarejea kileleni kwa kuifunga USM Alger nyumbani na ugenini.

Kisha kikosi kikaanza kuchomoka nyuzi. Samatta aliondoka kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, muda mfupi baada ya kutangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Wenzake wengine wakazeeka au wakahama. Na Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007, alikuwa ameachana na serikali ya Joseph Kabila mwaka 2015, akaishi uhamishoni tangu 2016 hadi Mei 2019. Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho la Afrika 2016 na 2017 wakati mkuu wake hayupo nchini, jambo linalostahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba timu huanguka siku ileile mfadhili anapopata matatizo. Timu ni kama mti uliokatiwa mizizi, ambao majani yake hubaki mabichi kwa majuma kadhaa. Mwaka 2022 Mazembe ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa na Vipers ya Uganda kwa mikwaju ya penalti. Katika Kombe la Shirikisho la msimu huohuo ilishika mkia katika kundi lake. Na ingawa ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2024 ikaishia kwa Al Ahly, msimu uliofuata ilishika mkia tena.

Katika kundi lile la Kombe la Shirikisho, lililochezwa mwaka 2023, kulikuwa na Yanga ya Dar es Salaam, iliyoifunga Mazembe 3-1 nyumbani na 1-0 Lubumbashi, na kilichowauma mashabiki wa Kongo hakikuwa matokeo peke yake. Kikosi cha Yanga kilikuwa na Fiston Mayele, Djuma Shabani na Tuisila Kisinda, wote waliopita Vita Club kabla ya kuvuka mpaka. Simba ya mji huohuo nayo ilikuwa imemchukua Henock Inonga kutoka Motema Pembe mwaka 2021, na baadaye Yanga ikamchukua Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kindu. Sababu si siri: Dar es Salaam kuna mdhamini anayelipa kila mwezi, kuna televisheni, na kanuni zimeruhusu klabu kusajili wageni hadi 12, na kwa mchezaji kijana mshahara wa tarehe moja, hata ukiwa mdogo, una uzito kuliko ahadi kubwa isiyo na tarehe. Shabiki wa Goma, ambaye humsikiliza mtangazaji wa Dar es Salaam kwa lugha yake mwenyewe bila mkalimani, amewekwa mahali pa ajabu: anashangilia mabao ya Wakongo katika jezi za Watanzania, halafu anarudi kuuliza timu yake ilipata nini walipoondoka.

Swali hilo ni zuri kuliko lile la nani anunuliwe, na hapa kulinganisha na mchezo wa mbali kunasaidia. Katika besiboli ya Marekani, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, timu ni mali ya tajiri au ya kundi la matajiri, na hasira ya mashabiki huchukua sura mbili zinazopingana. New York Mets ilitumia mwaka 2023 zaidi ya dola milioni 300 kwa mishahara, ikashinda mechi 75 na kupoteza 87, na watu wakalaumu fedha zilizotapanywa. Mwaka huohuo mashabiki wa Oakland, ambao timu yao ilikuwa miongoni mwa zinazolipa kidogo kabisa, walifanya kinyume cha mgomo tarehe 13 Juni, wakaujaza uwanja watu 27,759 ili wamwambie mmiliki kwa sauti moja aiuze timu. Haikuuzwa, ilihama. Lakini kelele ile ilikuwa na maana kisheria, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwenye kitu cha kuuza. Mjini Goma kelele hiyo haina wa kuipokea, maana rais wa chama hana hisa, na akichoka kutukanwa huacha barua mezani na kuondoka na mfuko wake. Ndiyo maana mashabiki wa Kongo hupiga kelele na kubembeleza katika juma hilohilo, na wasioelewa huwaita vigeugeu.

Tukirudi kwenye swali la shabiki, kile ambacho klabu ingeweza kupata mchezaji anapoondoka, bila kumwomba mtu, ni malipo ya malezi. Kanuni za FIFA zinaamuru kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zote zilizomlea tangu mwaka wa miaka yake 12 hadi wa miaka 23, kwa kiwango cha asilimia 0.25 kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Mchezaji akiuzwa kwa dola 100,000, klabu iliyomlea tangu 16 hadi 19, yaani miaka minne, inastahili dola 2,000, kiasi ambacho hakimnunui mshambuliaji lakini kinanunua mipira na viatu vya kikosi kizima cha vijana. Mkataba ukiachwa uishe, mchezaji huondoka bure na mgao huo haupo. Kwa hiyo kosa kubwa la usajili, ambalo mashabiki hulizungumzia kidogo kuliko linavyostahili, si lile la kumleta mchezaji asiyefaa, bali ni la kushindwa kuongeza mkataba wa anayefaa mwaka mmoja kabla haujaisha.

Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, mjadala huu umepata sura nyingine, kwa sababu hata prezida mwenye nia njema alikosa njia ya kawaida ya kumlipa mchezaji na timu ikakosa njia ya kawaida ya kusafiri. Vijana, hata hivyo, wanaendelea kucheza katika viwanja vya mitaani ambavyo baadhi yake ni mawe meusi ya volkeno ya Nyiragongo yaliyosawazishwa kwa mikono, na miongoni mwao wapo watakaoonekana siku moja na wakala wa Dar es Salaam au wa kwingineko. Siku hiyo kitafunguliwa kile kinachoitwa pasipoti ya mchezaji, hati inayoorodhesha klabu zilizomsajili rasmi tangu alipokuwa na miaka 12. Na ikiwa jina lake liliandikwa kwa mara ya kwanza Kinshasa akiwa na miaka 19, basi kwa hesabu za FIFA Goma haikumlea.