Je, Wajua? Legioni ya Tisa Ilikwenda Wapi

Filamu ya Centurion, iliyoongozwa na Neil Marshall na kutoka mwaka 2010, haimhurumii mtazamaji. Mikuki inapenya makoo, vichwa vinadondoka, na theluji ya milima ya Uskoti inageuka nyekundu. Kisa ni cha mwaka 117 baada ya Kristo. Legioni ya Tisa ya Roma inaingia msituni kaskazini mwa Uingereza, inaviziwa na kuteketezwa, kisha wachache waliosalia wanawindwa kama swala. Ni filamu inayokamata moyo, nami naipenda. Ila habari zilizofukiwa ardhini zinanivuta zaidi.

Je, wajua kwamba alama ya mwisho ya hakika ya legioni hiyo katika Uingereza ni kipande cha jiwe la ujenzi? Kilipatikana mjini York. Maandishi yake, ya mwaka 108 hivi, yanaeleza kuwa Legioni ya Tisa ilijenga lango kwa jina la Kaisari Trajan. Tunapowaona askari hao kisiwani kwa mara ya mwisho, basi, wako kwenye kazi ya uashi.

Baada ya hapo kisiwa kinanyamaza. Lakini ng'ambo ya bahari, karibu na mji wa Nijmegen nchini Uholanzi, vimechimbuliwa vigae vyenye muhuri wa legioni hiyohiyo. Majeshi ya Roma yalijichomea vigae vyao na kuvipiga chapa, na chapa hizo leo ni kama nyayo kwenye matope. Ndiyo maana wanahistoria wengi huamini kwamba angalau sehemu ya kikosi ilihamishwa ikiwa hai. Kufa ilikufa, hilo halina ubishi, kwa sababu orodha ya legioni iliyochongwa Roma wakati wa Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161, haina jina lake. Wapo wanaotaja uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135, wapo wanaotaja vita vya Armenia vya mwaka 161, na wapo wanaoshikilia bado kwamba ilimalizwa Uingereza.

Hofu ya kuviziwa gizani haikutoka hewani. Mwandishi wa Kirumi Tacitus anasimulia kwamba mwaka 82 hivi, Wakaledonia wa kaskazini waliivamia kambi ya Legioni ya Tisa usiku, wakawaua walinzi na kuingia ndani. Vita vilikuwa tayari katikati ya mahema pale Gavana Agricola alipofika kuwaokoa. Agricola huyo yumo pia katika filamu, bado ni gavana mwaka 117, ilhali yule wa kweli alifariki mwaka 93. Tacitus alizijua habari zake kwa karibu, maana alikuwa mkwewe.

Na hao maadui wa legioni wanaoitwa Wapikti katika filamu? Jina hilo linaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 297, miaka 180 baada ya kisa cha filamu.

Hadithi ya kikosi kilichomezwa na ukungu ilipata nguvu kubwa kutoka kwa mwandishi Rosemary Sutcliff, katika riwaya yake The Eagle of the Ninth ya mwaka 1954. Aliunganisha mambo mawili: legioni isiyojulikana ilikoishia, na tai wa shaba asiye na mabawa aliyefukuliwa Silchester, kusini mwa Uingereza, mwaka 1866. Tai huyo yuko katika jumba la makumbusho la Reading. Wataalamu wanaona kuwa yamkini hakuwahi kuwa bendera ya jeshi, bali alikuwa sehemu ya sanamu.

Je, wajua centurion ni nani? Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamjua kwa jina la akida, kama yule wa Kapernaumu aliyemwombea mtumishi wake. Jina la Kilatini linatokana na neno la mia, lakini zama hizo akida aliongoza askari 80 tu: mahema kumi, kila hema watu wanane. Alama ya cheo chake ilikuwa fimbo ya mzabibu, na fimbo hiyo haikuwa pambo. Tacitus anamtaja akida Lucilius, ambaye askari walimpachika jina la Lete Nyingine, kwa kuwa kila alipoivunja fimbo moja mgongoni mwa mtu aliagiza ya pili, kisha ya tatu. Katika maasi ya mwaka 14 askari wake walimuua. Hakuna filamu niliyoiona iliyowahi kumwonyesha akida huyo, na inasikitisha.

Katika Centurion yumo pia askari kutoka Numidia, kaskazini mwa Afrika. Hapo mwongozaji hakukosea. Katika karne ya tatu kikosi cha Wamoor kilikaa Aballava, penye ukuta wa Kaisari Hadrian, na jiwe lenye jina la kikosi chao lipo. Hata Kaisari Septimius Severus, aliyefia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo.

Kinachonigusa kuliko vyote kilipatikana mwaka 1973 katika ngome ya Vindolanda, kusini kidogo ya ukuta huo. Ni vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino mnamo mwaka 100, miaka ileile Legioni ya Tisa ilipokuwa York, vikahifadhiwa na udongo wa majimaji usiopitisha hewa. Kimoja ni barua kwa askari. Jina la aliyeandika limepotea, na la aliyeandikiwa pia. Anamwarifu kuwa amemtumia soksi, makubazi jozi mbili na nguo za ndani mbili, kisha anawasalimu wenzake wote wa hema moja.